Maneno ya Kupiga Magoti

Fundi alikuwa akishona pindo la gauni la nesi pale mumewe alipotokea kwenye runinga ya dukani, kavaa suti ya kijivu, uso wa mtu aliyekosa usingizi. Wateja hawakujua kwamba yule ni mumewe. Angewaambiaje, na tangu tamthilia ianze kazi yao ni kumchambua kama karanga?

"Huyu bwana simpendi hata bure," alisema nesi. "Kamwacha mkewe na kichanga, leo anarudi na macho makavu!"

"Kuigiza anajua," alisema muuza mboga. "Wa kulaumiwa ni watengenezaji. Mtu akimeza mate tu, vinanda! Na huyo mke analia wiki nzima, wanja hauchuruziki."

Wakacheka, na fundi akacheka nao. Kwenye runinga mumewe akapiga magoti, akamshika mwigizaji mwenzake kiganja. "Nimekukosea, sina la kujitetea. Nipe siku moja tu. Kesho nitakuomba nyingine."

Mguu wa fundi ukaendelea kukanyaga pedali wenyewe. Maneno hayohayo aliambiwa jikoni kwake, asubuhi ile mumewe aliporudi baada ya kulala nje bila kuaga. Hata kiganja alishikwa vilevile. Fundi alikuwa ameshafunga begi aondoke, na kwa maneno hayo akalifungua.

"Basi, nimemsamehe," nesi alisema akijifuta machozi. "Yale yanatoka moyoni."

"Moyo gani?" alisema muuza mboga. "Kaandikiwa! Fundi, wewe unaonaje?"

"Sijui," alisema fundi. "Kweli sijui." Alipotazama chini aliona ameshona pindo pamoja na mkono wa gauni.

Jioni, mumewe hata hajavua viatu, fundi akamuuliza. "Yale maneno ya kupiga magoti, uliandikiwa?"

Mume akachangamka. "Umeyapenda? Mwongozaji aliona ya kwenye karatasi yamepooza, akaniambia nitoe yangu."

"Yako. Sasa uliyatoa hapa ukayapeleka kule, au uliyatoa kule ukaniletea mimi?"

Tabasamu likamtoka. "Tulirekodi kabla ya ule ugomvi wetu," alisema. Kisha akajikuna kichwa. "Au baada? Sehemu ile tuliirudia, picha za kwanza ziliharibika. Mke wangu, haki ya Mungu sikumbuki."

"Basi yaseme tena, sasa hivi."

Akaanza kupiga magoti, akakwama katikati, goti moja chini, mdomo wazi. "Nikiyasema utaniamini?"

"Sijui."

"Na mimi sitajua nayasema kama nani."

Kicheko na machozi vilimjia fundi kwa pamoja, hakujua kipi akizuie. Akamvuta mkono. "Inuka, ukae kwenye kiti. Niambie usiku ule ulilala wapi."

Mume akasimulia kwa kubabaika, akirudi nyuma, akijipinga mwenyewe, macho mezani. Alilala kwa rafiki yake. Hakukuwa na mwanamke. Hakutaka tu kurudi nyumbani, na kwa nini hakutaka, mpaka leo hajui.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwamini kila neno, na hilo halikumsaidia. Afadhali angemtajia mwanamke, angalau angejua amkasirikie nani. Akamwekea chakula, akajiwekea na yeye, wakala.