Vitu Visivyo na Nambari

Karani aliyetumwa kuorodhesha vitu vya nyumba ya marehemu Erastus alifika Jumatano asubuhi, wiki ya nne baada ya mazishi. Jina lake Cleophas, mtu wa makamo, mpole wa sauti. Alipiga hodi mara moja tu, na Jescah akafungua upesi hata mwenyewe akaona haya, maana ilionekana wazi alikuwa amesimama nyuma ya mlango.

"Pole sana, mama. Nimetoka ofisi ya majengo. Afisa mpya anaingia mwisho wa mwezi."

"Barua niliipata. Karibu ndani."

Erastus, mumewe, alikuwa karani wa ardhi hapo Kakamega. Walipewa nyumba hiyo ya serikali mara tu baada ya Uhuru, na Jescah akafurahi mno kuona vyumba vitatu na sakafu ya saruji. Lakini hazikupita wiki nyingi Erastus akapelekwa Lumakanda, kuwapimia watu mashamba yaliyoachwa na Wazungu. Alirudi mara moja kwa mwezi, viatu vimejaa udongo, akala, akalala, akaondoka. Katika miezi kumi na minane, usiku ambao kitanda kile kilibeba watu wawili haukufika hamsini. Kisha homa ikamshika huko huko, na habari ilipomfikia Jescah, tayari watu walikuwa wakitafuta gari la kumleta maiti. Hawakujaliwa mtoto. Majirani walikesha naye siku tatu, wakaimba, wakarudi makwao.

Cleophas alianzia sebuleni. Alipindua kila kiti, akasoma nambari iliyoandikwa chini kwa rangi nyeupe, akaiandika.

"Hata hiki ni cha serikali?" Jescah aliuliza.

"Vyote vya mbao hii, mama."

Meza ilikuwa na nambari. Kabati pia. Chumbani karani alipiga magoti akaingiza kichwa chini ya kitanda, na Jescah akatazama pembeni. Kabla ya saa nne kazi ilikuwa imekwisha.

"Tia sahihi hapa, mama."

Jescah alishika kalamu, asiandike.

"Birika hujaliandika."

"Birika ni lako. Mimi naandika vya serikali tu."

"Na mtu akija kudai si langu, nitamwonyesha nini? Liandike."

Cleophas alichukua karatasi nyingine akaliandika. Jescah akaleta pasi ya makaa, akaeleza kwamba waliinunua Malava mwaka wa arusi yao, na kwamba Erastus aliunguza nayo shati lake la kwanza la ofisini. Akaleta sufuria. Akaleta sahani yenye ufa. Kisha akaanza kuleta vijiko, kimoja kimoja, akienda jikoni na kurudi, na kila kimoja kina maneno yake.

Karani alimtazama akirudi na kijiko cha tatu. Alikuwa na nyumba mbili zaidi za kwenda siku hiyo. Akavua kofia, akaiweka mezani.

"Haya, mama. Hicho nacho kilitoka wapi?"

Walipofika kwenye vikombe, Jescah alipika chai, wakanywa na viazi vitamu.

"Mke wako yuko hapa mjini?"

"Yuko nyumbani Khayega, na watoto. Mimi nimepanga chumba hapa."

"Unaendanga lini?"

"Mwisho wa mwezi. Kazi ni nyingi."

"Khayega ni karibu," Jescah alisema, na sauti yake ikawa kali. "Nenda Jumamosi. Nenda kila Jumamosi."

Cleophas aligeuza uso, akaliona koti jeusi limetundikwa nyuma ya mlango.

"Na lile koti, mama? Niandike la nani?"

Jescah aliweka kikombe chini.

"La Erastus," akasema mwishowe. "Andika la Erastus."

Cleophas akaandika hivyo. Jescah akainama juu ya meza ya serikali akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na karani akakaa pale pale mpaka mama akanyamaza. Ndipo Jescah akatia sahihi.

Jumatatu lori lilimpeleka Malava, kwa kaka yake Mukhwana, aliyemtengea chumba kando ya ghala la mahindi. Mzigo wake haukujaza hata nusu ya lori. Navalayo, mke wa Mukhwana, alimkumbatia, kisha yeye na mumewe wakashusha vitu haraka, maana mvua ilikuwa imefunga.

"Hii pasi tuliinunua hapa hapa Malava," Jescah alisema.

"Ipitishe ndani, dada, italowa," alisema Mukhwana, tayari amegeuka kuchukua kingine.

Jescah akaibeba ndani. Akapanga sahani, akapanga vikombe, akatundika koti. Nje, Navalayo aliwaita kuku wake, na matone ya kwanza yakaanza kugonga mabati.