Alichoandika Palina Chini ya Karatasi

Wakili Regina Kazimirovna alikuwa amezeekea katika mahakama ya mji ule wa kando ya mto Berezina, mpaka kunguru wa uani, watu waliapa, wakimwona waliruka hadi paani kumpisha. Lakini kesi za virusi vya UKIMWI zilimkondesha. Hizo hazihitaji mlalamikaji. Kliniki ikishapeleka karatasi polisi, basi tena.

Safari hii aliyeshtakiwa ni Tsimafei, fundi wa matrekta: eti alimwambukiza mkewe bila kumwambia kuwa anavyo. Mkewe, Palina, alikaa ofisini kwa wakili na tumbo lake la miezi saba, akitafuna mbegu za alizeti kama anazidai.

"Aliniambia kabla ya harusi," alisema. "Tunachimba viazi. Nikamwambia, mshenzi we, si ungesema kabla sijavunjika mgongo kwenye shamba la mama yako? Nikaolewa naye hivyohivyo."

"Sheria inamwachia mume kama mke alijua na akakubali," Regina alisema. "Sasa mbona polisi uliwaambia hukujua?"

Akamsukumia maelezo aliyoyatoa polisi. Chini kabisa, kwa mwandiko wa Palina: *Nimesoma, yameandikwa sawasawa kama nilivyosema.*

Palina akayasoma kwa mara ya kwanza. Mbegu zikamwagika.

"Mpelelezi ni Svetka, nilisoma naye shule. Mimi nilisema kweli, yeye ndiye aliyeandika. Ng'ombe wangu hajakamuliwa, analia. Svetka akaniambia, andika yale maneno ya siku zote, Palina, uende zako. Nikaandika. Nani anasoma karatasi ya serikali, Regina Kazimirovna?"

"Hakuna. Ndiyo maana sikosi kazi. Kortini utasema kweli yote."

"Mbele ya mama yangu?"

"Mbele ya mama."

Siku ya kesi nusu ya kijiji ilikuja. Tsimafei alikuwa ndani ya kizimba cha nondo. Palina akasimama, akasema yote, viazi na matusi. Mama yake akajifunika uso kwa kitambaa. Regina akaanza kuvuta pumzi.

Mwendesha mashtaka akainua karatasi. Sauti yake ilikuwa laini kama siagi.

"Kwa hiyo haya ya kwanza ni uongo? Ulionywa kwamba maelezo ya uongo ni jinai. Mwandiko si wako?"

"Wangu."

"Basi tutafungua kesi ya pili. Utajifungulia wapi, raia?"

Regina aliinuka kupinga, lakini sauti ilitoka kizimbani kabla yake.

"Mwacheni. Hakujua. Nilimficha."

"Mwongo!" Palina alipiga ukelele. "Tsima, mbwa we! Na viazi?"

"Viazi gani?" Tsimafei alisema, macho sakafuni.

Wakili akaomba mapumziko, akasogeza mdomo kwenye nondo.

"Umechanganyikiwa? Tulikuwa tunashinda!"

"Kwa uhakika kiasi gani?"

Regina alikuwa amewadanganya majaji wengi bila kupepesa macho. Huyu alimshinda.

"Nusu kwa nusu."

"Hiyo nusu nyingine ingemwangukia yeye na mtoto."

Hakimu alisoma hukumu haraka: miaka mitatu. Palina alimtukana mumewe mpaka sauti ikakauka, na askari, mtu mzima aliyejua mambo, hakumzuia.

"Tuna siku kumi za kukata rufaa," Regina alisema.

Tsimafei alikuwa akimtazama mkewe, ambaye mama yake alimshika mkono kuteremka ngazi.

"Usikate," alisema. "Wataanza kumuuliza upya."

Regina akafunga jalada, akaketi pale pale mpaka mfagiaji alipomwomba anyanyue miguu.