Kilo Hamsini na Mbili

Vumbi la alfajiri kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Pune, India, lilikuwa lake Dashrath. Alilila yeye, likamkaa kwenye kope, likamkereketa kooni, miezi minne mfululizo, juu ya mgongo wa Kesari, farasi jike mwekundu aliyekataliwa na wapandaji wote.

Jike alimbwaga mara tatu. Mara tatu Dashrath aliinuka, akakung'uta suruali, akampanda tena. Kwa kubembeleza, kwa kunong'ona, kwa kumwimbia, jike akajifunza kusimama, akajifunza kutoka langoni, akajifunza kukimbia kama maji yaliyofunguliwa.

Mbio kubwa zilitaka kilo hamsini na mbili. Kilo hamsini na mbili, mtu na tandiko lake. Dashrath alikuwa na miaka thelathini na tisa, na mifupa haipunguzwi. Alikimbia juani na makoti mawili. Alikaa kwenye mvuke hadi masikio yakalia. Mkewe, Sugandha, alimwekea nusu chapati, akaiona ikirudi jikoni vilevile.

"Unajiua, baba Tejas. Kisa mnyama!"

"Kisa Jumapili," alijibu.

Jumapili akapanda mizani. Hamsini na mbili kamili. Ulimi umekauka kama kipande cha ngozi, lakini kamili.

Hapo Bwana Keki, mkufunzi wa farasi, akamshika bega huku akitazama pembeni. "Dashrath, mwenye farasi amemleta Farhad, mpandaji kutoka Mumbai. Anataka jina kubwa."

"Leo? Nimeshapima!"

"Sasa mimi nifanyeje, bwana? Farasi si wangu."

Si wake. Basi ni wa nani? Ewe njaa ya siku tisa, ukamlilie nani? Enyi mbavu mliohesabika, mlikonda kwa ajili ya nani?

Farhad akaja, buti zinang'aa. "Kaka, huyu ana kichaa gani? Nidokeze."

 Kesari akichapwa ubavu wa kushoto hujitupa kwenye uzio, yeye na aliye juu yake. Hilo alilijua Dashrath peke yake. Alilifumbata kinywani, na lilikuwa tamu, tamu kuliko maji. Kisha jike akageuza shingo, akamtafuta kwa pua, akampumulia kifuani.

"Usimchape kushoto," akasema. "Usimchape kabisa. Mlegezee hatamu, mwimbie."

"Nimwimbie nini?" Farhad akacheka.

"Chochote, mjinga wewe. Hachagui."

Kesari alishinda, wenzake wakiwa mbali nyuma. Uwanja mzima ukanguruma: Farhad! Farhad! Dashrath, kifua kwenye uzio, aliita jina la jike, peke yake, na sauti yake haikufika popote.

Mwenye farasi akapita na sahani ya peda, vitamu vya maziwa na iliki. Akamwekea kimoja kiganjani. "Kazi nzuri, bwana… bwana…" Akasonga mbele.

"Kesho kuna dume jipya, linauma," Bwana Keki akamwambia. "Uwahi. Ukilituliza, huenda wiki ijayo ukapanda wewe. Hamsini na mbili tena."

Dashrath aliitazama peda. Akaitia kinywani nzima. Akaitafuna taratibu, macho kwa macho na Bwana Keki, akaimeza, akalamba vidole.

Kisha akageuka, akapaza sauti:

"Mzee! Hebu rudi na hiyo sahani."