Makamasi ya Salfa

Mjomba wangu Abdallah anajua kila kitu. Muulize, atakwambia mwenyewe.

Kwetu mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Basi Jafari wangu alipotimiza miezi tisa, siku zake za chanjo ya surua, mjomba akatoa amri: mtoto mwenye makamasi hachomwi sindano. Eti mwili wenye mafua haupokei chanjo, dawa inapita bure, au inamuua kabisa. Dada yangu Farida, mwenye Salumu wa umri uleule, akaitikia, "Ndiyo, mjomba."

Ndiyo, mjomba! Ulikuwa mwezi wa saba, mikorosho inapuliziwa salfa. Ule unga wa njano unaingia machoni, kwenye uji, mpaka kwenye mto wa kulalia. Mtoto gani kijijini hashikwi na mafua? Na mashine inayonguruma nyuma ya nyumba yetu tangu alfajiri ni ya nani? Ya mjomba huyohuyo.

"Tutasubiri pua zikauke," akasema.

"Zitakauka korosho zikishaokotwa," nikamjibu. "Surua iko ng'ambo ya Ruvuma. Nayo itasubiri?"

"Hebu nyamaza! Nimekulea wewe na makamasi yako!"

Siku ya kliniki nikamfunga Jafari mgongoni. Nikamwambia Farida, "Twende." Akabaki mlangoni na Salumu wake, anatazama chini. "Mjomba atakasirika," akasema. Nikamwacha. Mjomba aliponiona napita shambani akazima mashine, akanifuata akifoka mpaka mlangoni pa zahanati, watu wote wanatutazama.

Nesi Rozalia akampima Jafari joto, akamsikiliza kifua. "Mafua haya hayazuii chanjo," akasema. "Mwili wake utaipokea vizuri tu. Angekuwa amezidiwa, na homa kali, ningekwambia usubiri."

"Mtoto huyo akifa," mjomba akapayuka dirishani, "usiniite kuchimba kaburi!"

"Na asipokufa?" nikamuuliza. Nesi akamchoma sindano. Jafari akalia kidogo, akanyonya, akalala.

Wiki iliyofuata alichemka kidogo, kama nesi alivyonionya. Mjomba akazunguka kijiji kizima akitangaza kwamba nimemuua mtoto. Homa ikaondoka, naye hakuzunguka kutangaza hilo.

Kisha surua ikavuka mto. Jafari na Salumu walikuwa wanalala mkeka mmoja. Jafari hakupata hata kipele. Salumu alitoka vipele mwili mzima, macho yakavimba yakafunga, akakataa ziwa. Tukamkimbiza Mtwara mjini, mimi, Farida na mjomba.

Hospitalini daktari akauliza, "Kwa nini huyu hakuchanjwa?"

Farida akamgeukia mjomba. Mjomba akatazama vidole vyake, salfa imeganda kwenye kucha.

"Alikuwa na makamasi," akasema.

Nilitaka kumrarua. Nilijizuia kwa ajili ya Salumu, si kwa ajili yake.

Salumu alipona, alhamdulillahi, ila jicho la kushoto halioni. Mwaka huu anatembea, anajigonga kwenye mikorosho upande uleule, na mjomba humshika mkono kila aendako. Watu wanamsifu: mjomba gani mwenye huruma namna hii!

Wamsifu wao. Mimi simsifu.