Spika wa Wadi Kabir

Kaka yangu Marhoon anawajua kwa majina wajumbe wote wa bunge la jimbo moja la magharibi ya Marekani, wale wa mwaka 1909, na hajui jina la fundi anayemtengenezea mifereji kila mwezi. Nasema hivi bila ya chuki. Serikali ilimpeleka kusoma huko akiwa kijana, akaandika tasnifu nzima juu ya bunge hilo: nani alikuwa mjumbe, nani kiongozi, nani alimgeuka nani. Jimbo lenyewe sitalitaja, maana likitajwa mbele yake huanza upya tangu mwanzo, na mimi nishasikiliza vya kutosha. Inatosha kujua kwamba walikuwa wafugaji, mawakili, na daktari wa meno mmoja aliyekuwa akisinzia kikaoni, na kwamba Spika wao alikuwa na nguvu za kutisha. Kamati zote alizipanga yeye. Na ni yeye aliyeamua nani ameonekana akisimama kutaka kusema, na nani hakuonekana hata akipanda juu ya meza.

Baba alipofariki, ukoo ulibaki na watoto watano na kelele. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana tulikutana kwa mama, mtaani Wadi Kabir, na kila Ijumaa tuliondoka tumenuniana. Marhoon alikuwa ameshastaafu wizarani na hana tena wa kumwamrisha, akaja na kanuni. Tutakuwa na Spika, karani, kamati, hoja, na kura ya kunyoosha mkono. Tulicheka mpaka basi, kisha tukakubali, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kwa mtu mmoja kuzungumza na wengine wakanyamaza. Spika akawa yeye, bila ya uchaguzi. Mimi Hasina, kitinda mimba, nikawa karani. Karani wa kule Marekani hakuwa mjumbe wala hakuwa na kura, lakini sisi ni wachache, nikapewa vyote viwili.

Suala la nani awe mjumbe halikuchukua muda. Mjumbe ni mtoto wa marehemu baba yetu. Wake na waume zetu hapana. Na mama pia hapana, kwa sababu mama ni binti wa watu wengine. Kabila lake ni la baba yake, na ndilo lililoandikwa kwenye pasi yake mpaka leo. Amezaa ukoo mzima na hayumo ndani yake. Kwetu hilo halimshangazi mtu. Marhoon akaongeza kwamba hata kule, mwaka ule, majimbo mengi yalikuwa hayajampa mwanamke kura, na mimi na dada yangu Shaikha tukajiona tumebahatika.

Sitaki kumdhulumu. Bunge lake lilifanya kazi. Kulikuwa na Kamati ya Harusi na Kamati ya Wagonjwa, na mtu akilazwa zamu za hospitali zilipangika bila ya ugomvi. Mama alikuwa akibaki jikoni na kahawa yake, akisikia sauti zetu ukumbini, na nadhani alifurahi kwamba tumeacha kupigizana kelele.

Halafu Sinan, kaka yetu anayehudumia watalii pale Bandari ya Sultan Qaboos, akaleta hoja: mama ahamie mtaa wa Ghubra kwa Marhoon, na nyumba ya Wadi Kabir ifungwe.

Sababu zilikuwepo. Mama anakaribia miaka themanini na analala peke yake. Kila yaya tuliyemletea alimrudisha kwa heshima na zawadi. Mwezi uliopita aliungua mkono kwa mafuta ya moto. Nyumba yenyewe imezungukwa na gereji, na kuanzia Jumamosi mpaka Alhamisi ni nyundo na harufu ya rangi ya magari. Marhoon alishamjengea chumba Ghubra, karibu na bahari, chenye choo chake na vyuma vya kushikia ukutani. Mama alipoambiwa alisema hataki. Tukamuuliza kwa nini.

"Nshasema sitaki," alijibu, na hakuongeza neno.

Hesabu yake kila mtu aliijua. Shaikha na Sinan walitaka ahame. Yaqdhan, wa katikati yetu, na mimi tulitaka abaki. Kura zikiwa sare, Spika anapiga kura ya uamuzi, na Spika ndiye mwenye chumba. Kwa hiyo mama alikuwa ameshahamishwa kabla ya kikao kuanza. Nilikasirika, na hasira yangu haikuwa na hoja yoyote nyuma yake. Sikujua kwa nini mama hataki. Nilidhani ni mapenzi ya nyumba ya baba, na mapenzi hayo hata mimi niliona hayatoshi kumzuia mtu asiungue.

Ijumaa hiyo tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, mama akatoa vyombo, mlango wa jikoni ukarudishwa. Nikasimama.

"Mheshimiwa Spika, hoja hii inamhusu mtu ambaye hayumo humu. Naomba mama asikilizwe."

"Asiyekuwa mjumbe hasikilizwi ila akialikwa na kamati," alisema Marhoon. "Kamati ya Makazi haijamwalika."

Kamati ya Makazi ni Shaikha na Sinan. Ameipanga yeye.

"Kaka, huyo ni mama."

"Hapa mimi si kaka, Hasina. Hapa mimi ni Spika. Kaa."

Nikakaa. Ndipo Yaqdhan akasimama, na nikamwona anavyojiweka sawa kwa safari ndefu. Kanuni yetu ni kwamba kikao hufungwa ikifika Alasiri, na hoja isiyopigiwa kura hurudi mwezi ujao. Yaqdhan ni mfamasia, mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alizungumza. Alieleza historia ya nyumba tangu baba alipoinunua. Akaeleza faida za kutembea. Akaingia kwenye hewa ya bahari na maradhi ya mifupa, akatoka huko akaingia kwenye ubora wa vigae vya zamani. Shaikha alianza kupiga miayo. Marhoon alitazama saa ya ukutani, akaona dakika zinamponyoka, akamkonyeza Sinan. Sinan akapanda juu ya kiti na kuitoa betri.

"Nini hicho?" Yaqdhan aliuliza.

"Ni desturi," alisema Marhoon, na alikuwa na furaha ya mtoto. "Kule kikao kilikuwa na siku maalumu za kumalizika kisheria. Siku ya mwisho ikiwakuta na kazi mkononi, waliisimamisha saa. Maadamu saa haijafika, siku haijesha. Endelea, mheshimiwa. Tuna wakati wote."

Yaqdhan alibaki mdomo wazi. Na kabla hajaufunga, msikiti wa mtaa wa pili ukaadhini Alasiri.

Sikucheka, naapa, ingawa Shaikha alidai baadaye kwamba nilicheka. Marhoon alisema kikao kimeahirishwa kwa ajili ya sala, hakikufungwa, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana na tofauti hiyo. Wanaume wakaenda msikitini. Sisi tukasali chumbani kwa mama. Tuliporudi ukumbini tulimkuta mama ameshatangulia. Ameweka sinia la halua juu ya meza ndogo, buli la kahawa pembeni yake, na amekaa kwenye kochi mkabala na mahali pa Shaikha; Shaikha alipokaa, magoti yao yalikaribia kugusana.

Marhoon aliingia akamwona, akasita.

"Mama, tuna kikao."

"Najua. Nimekuja kukaa."

Spika alifikiri. Nilimwona akifungua ile tasnifu kichwani, ukurasa baada ya ukurasa.

"Wageni huruhusiwa kukaa ukumbini," alisema mwishowe, "maadamu hawasemi kitu."

"Mie mgeni?"

"Kwa mujibu wa kanuni, mama."

"Haya," alisema mama, akakunja mikono yake mapajani.

Marhoon hakumrudishia Yaqdhan nafasi ya kusema. Alisoma hoja kwa sauti yake ya wizarani, kisha akasema, "Wanaotaka mama ahamie Ghubra, wanyooshe mkono."

Shaikha alinyoosha mkono. Sinan akanyoosha wake. Mimi na Yaqdhan tulibaki na yetu chini. Hakuna aliyesema neno, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, hata gereji zilikuwa kimya. Mama alikuwa ameelekeza uso kwa Shaikha, ametulia, na tabasamu la adabu la mtu anayesubiri wenziwe wamalize shughuli yao. Tukasubiri Spika ahesabu. Mama naye akasubiri.

"Mbona kimya?" alisema. "Pigeni hiyo kura yenu basi, niwatilie kahawa."

Mkono wa Shaikha ulikuwa hewani mbele ya uso wa mama.

Kisha Shaikha, polepole, akaupeleka mkono kulia, akaurudisha kushoto. Macho ya mama hayakuufuata. Kila siku nikitoka shule nilikuwa nikipita hapa, nakunywa chai yake, namhadithia ya wanafunzi wangu, na sikuona kitu.

"Mama," alisema Marhoon. "Mikono iko juu."

"Ah," alisema mama. Tabasamu lilimtoka. "Ya nani?"

"Wangu, mama," alisema Shaikha, na akaanza kulia. Sinan aliushusha wake bila ya kujitaja.

"Tangu lini?" Marhoon aliuliza.

"La kushoto, zamani. La kulia tangu Ramadhani. Mwanga nnauona. Watu siwaoni."

"Na hukutwambia!"

"Ningewaambia, mngenihamisha siku ile ile." Hakusema kwa kulaumu. "Nyumba hii naijua, Marhoon. Kutoka kitandani mpaka chooni naijua, jikoni naijua, mlangoni nnafungua mwenyewe. Humu mie si kipofu. Chumba chako kizuri, mwanangu, Mungu akupe kheri. Lakini kule ntakaa juu ya kitanda ningojee mtu aje anishike mkono."

Kanuni zetu zinasema Spika hachangii hoja. Akitaka kuchangia, ateremke kitini na amwachie mwengine, na tangu tuanze Marhoon hajawahi kuteremka. Sasa aliinuka.

"Karani," aliniambia, "shika kiti."

Nikaenda nikakaa kwenye kiti chake. Yeye alikaa chini kwenye zulia upande wa pili wa ukumbi, ameegemea ukuta. Alikuwa mzee ghafla, kaka yangu mwenye miaka sitini na kitu na kanzu iliyopigwa pasi.

"Mimi naogopa, mama," alisema. "Utaanguka humu ndani na sisi hatupo. Nakuota umeanguka. Naamka nataka kuja, naona haya kukuamsha."

"Na mie naogopa," alisema mama. "Ulidhani siogopi?"

Kazi ya kiti ni kumaliza kazi. Sauti yangu haikuwa nzuri, lakini niliisoma hoja tena kama ilivyo, na nikauliza wanaotaka mama ahamie Ghubra wanyooshe mkono. Shaikha alikuwa ameushika wake kwa mkono wa pili, ameubana kifuani. Sinan alitazama chini. Upande wa ukutani mkono mmoja ulipanda, ukabaki juu. Sikumchukia hata kidogo. Laiti ningekuwa na kura ya pili, sijui ningeipeleka wapi.

"Mmoja," nilisema. "Hoja imeanguka. Mama anabaki."

"Mmoja wa nani?" aliuliza mama.

Marhoon alikohoa pale ukutani, mkono wake ungali juu.

Mama aliinuka. Akaizunguka meza ya halua, akalivuka pindo la zulia, akapita baina ya Yaqdhan na kigoda bila ya kugusa kitu, mpaka mbele ya Marhoon. Akainama, akautafuta mkono wake hewani, akaupata. Akauteremsha taratibu kwa mikono yake yote miwili, kisha akakaa chini kando yake, na hakuuachia.