Kigoda cha Waliokomaa

Uvumi ulianzia bombani, kwenye foleni ya ndoo, na Mama Chiriku hakuweza kuuondoa kichwani: kwamba katika karakana ya magodoro, walinzi wa vifua vya watu wameanza kuacha kazi. Aliusikia, akajitwisha ndoo, akaenda zake. Lakini akiosha vyombo ulikuwapo, akitunga uzi kwenye sindano ulikuwapo, maana karakana hiyo ndimo alimofanya kazi yeye na binti yake.

Binti huyo aliitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Siku hizi ulipumzika. Akisema maneno machache tu alishika ukuta.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu. Mwisho wake palikuwa na mashine ya kuchambua pamba kuukuu, nayo ilitema vumbi jeupe mchana kutwa. Madirisha yalipigiliwa misumari, kwa sababu msimamizi alisema upepo unaiba pamba. Kando ya mashine palikuwa na kigoda chekundu. Hakukikalia mtu ila yule aliyeugua kifua mara tatu akarudi kazini, kwa kuwa mle ndani watu waliamini kifua kinakomaa kwa kuugua, kama nyayo zinavyokomaa kwa kutembea peku. Aliyekikalia alipigiwa makofi. Chiriku alipigiwa makofi mvua zilipoanza.

Jumapili asubuhi mama aliingia kukung'uta shuka za binti yake, akawakuta walinzi wamekaa ukingoni mwa mto wa kulalia. Walikuwa wadogo kama punje za mchele, sare zao za kijivu, kofia mapajani, wamechoka hoi. Chiriku alikuwa usingizini, kifua kinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Kila alipokohoa alitoka mwingine, akajipangusa, akasogea penye nafasi.

"Shikamoo mama," alisema mzee wao, aliyeegemea kifagio.

"Marahaba. Mmetoka humo?"

"Humo humo. Tumemaliza."

"Mmemaliza nini, na mtoto bado anakohoa?"

"Basi tuseme tumemalizwa."

Mama akawaletea maji kwenye kifuniko cha soda. Wakanywa kwa zamu, mzee akiwa wa mwisho.

"Sisi tulizaliwa humo ndani," alisema. "Vumbi likiingia tunalifagia kimyakimya, mdudu akiingia tunammeza, mwenye nyumba hata hana habari. Yale mafua makali ya kwanza yaliwamaliza wenzetu wengi. Wakaletwa wengine kutoka kwenye damu kujaza nafasi. Vijana wakali, mama! Wanapiga kila kitu, wanapiga hata kuta. Wakichoka wanalala fofofo, na hapo mdudu wa pili anapita mlangoni akiwapungia mkono."

"Hawafundishiki?"

"Wanafundishika. Wengine wanageuka hodari kabisa, wakipewa muda. Na sura ya mdudu wa jana wanaikumbuka, ila wa leo kaja na sura nyingine. Hawajajua vichochoro vya mapafu, homa mpya hiyo. Na vumbi juu yake."

"Kwa hiyo kifua hakikomai?"

"Mama, kifua si kisigino."

Jumatatu mama aliwafunga walinzi kwenye leso safi, akaenda nao mpaka mezani kwa msimamizi. Msimamizi aliweka chai kando, akavaa miwani, akawatazama.

"Wa nani hawa?"

"Wa Chiriku."

"Nilidhani ni wako, wewe ndiye mwenye maneno." Akamgusa mmoja kwa ncha ya kalamu. "Sare zao nzuri. Ghala langu lina panya. Waambie waanze leo."

"Hawaombi kazi hawa, baba. Wanaacha."

"Basi wakaachie nje. Na binti yako akawashe mashine, amekomaa yule."

"Fungua madirisha."

"Pamba itaruka."

"Nayo iruke!"

Sindano zote zilisimama hewani. Mama alikwenda mpaka kwenye mashine, akamshika Chiriku mkono, akabeba kigoda kwa mkono wa pili, akatoka uani. Akakiweka pale kwenye upepo, akamkalisha binti yake, akampa kava la godoro ashone.

Msimamizi akaja mlangoni. "Nani kakuruhusu?"

"Kifua chake."

"Nitakufukuza!"

"Nifukuze. Lakini humo harudi, hata ukikipaka kigoda dhahabu."

"Mama nawe," Chiriku alisema, akavuta pumzi, akavuta tena, "umewasahau mezani."

"Wana miguu."

Na kweli walikuja, mmoja nyuma ya mwenzake, wakapita chini ya mlango, wakakaa kivulini mwa kigoda.

Msimamizi hakumfukuza mama wala binti. Aliwanyima chai tu. Mvua ikinyesha, mama na binti walijibanza chini ya ukingo wa paa wakaendelea kushona. Mama alipopita karibu na dirisha aligonga kioo kwa mkasi, makusudi, kila mara. Dirisha halikufunguliwa. Kilichongwa kigoda kingine, cha bluu, akakalishwa binti wa jirani, akapigiwa makofi.

Jioni walinzi wengine walioacha kazi hutokea kwenye tundu la ufunguo, hujipanga ukutani, hukung'uta kofia. Watu wakitoka kazini huwavuka kwa uangalifu, husema "samahani," huenda nyumbani. Asubuhi hurudi. Yule mzee hupanda begani kwa Chiriku, husikiliza kifuani, kisha humwambia mama, "Vijana wanaanza kujua njia. Bado lakini." Mama hutunga uzi mwingine.

Basi mwenye mtoto aepuke haya:

Chumba cha vumbi chenye madirisha ya misumari.

Kurudi kazini siku ile ile homa inaposhuka.

Moshi wa jiko chumbani kwa mgonjwa, na wa sigara popote pale.

Kukohoa bila kuziba mdomo, na kumwonea haya anayekukoholea.

Kukung'uta shuka kabla ya kutazama mto.

Mtu anayesema kifua kinakomaa, hata akiwa na miwani.

Makofi.