Vikaratasi vya Mama

Mama yangu alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu, na hakuwahi kumvumilia mtu anayekariri neno moja moja. "Neno lina wenzake," alikuwa akisema. "Lijue pamoja nao, la sivyo hulijui." Kwa hiyo nilipoanza kusomea mtihani wa Kiingereza wa kazini, nilifuata njia yake. Nililichukua neno "turn" na wenzake, nikaandika vikaratasi, nikabandika kila kimoja mahali pake. Mlangoni, "turn the key", zungusha ufunguo. Kwenye redio, "turn up the volume", ongeza sauti. Kwenye jiko, "turn on the gas", fungulia gesi. Kwenye swichi kando ya dirisha, "turn on the light", washa taa.

Kumbukumbu ilikuwa imeanza kumtoka mama. Kaka alitaka kumchukua akakae kwake, mimi nikakataa katakata. Tena vikaratasi vilimchangamsha! Alivisoma kwa sauti, mara mbili mbili, kisha akafanya kilichoandikwa. Nilifurahi kama mjinga.

Jumamosi moja nilitoka mara moja kununua sabuni. Kurudi, nikakuta mlango umefungwa kwa ndani na redio inanguruma. Nikagonga weee, kimya. Ndipo harufu ya gesi iliponifikia kutoka chini ya mlango.

Nikakimbilia dirishani. Mama alikuwa mbele ya swichi, kidole hewani, midomo ikisoma.

"Mama! Usiwashe! Mama, nakuomba!"

Redio ilimeza kila kitu. Nikapiga kioo kwa ngumi katikati ya nondo, wala hakugeuka. Cheche moja tu ya ile swichi, na nyumba ingelipuka naye ndani. Niliogopa kiasi kwamba nilisahau hata kupiga kelele za kuita majirani.

Kalamu na karatasi vilikuwa mkobani, maana siku hizo sikutoka bila kuvibeba. Niliandika haraka haraka, herufi zikapandana. Nikakandamiza karatasi kwenye kioo, usawa wa macho yake: "Turn off the gas." Funga gesi.

Macho yake yalihamia kwenye kioo. Akasoma mara ya kwanza. Akasoma tena, taratibu, bila haraka yoyote, na mimi roho iko mkononi. Kisha kidole kikashuka, akaenda jikoni, akafunga.

Nikaandika nyingine, ya ufunguo. Mlango ulipofunguka nilimvuta mpaka uani, nikamkumbatia huku nalia kwa kwikwi. Nguo zake zilinuka gesi. Alinipigapiga mgongoni, kisha akanitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto wa watu.

"Mwandiko wako mbaya, binti," alisema. "Lakini maneno umeyapanga vizuri. Nani alikufundisha?"

"Mama yangu," nikasema.

"Basi msalimie."